Kiranja bila kiboko: kukuza uongozi na huduma kwa jamii katika Gredi ya 7 hadi ya 9

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sekondari msingi nchini Kenya aliyekabidhiwa viranja na shughuli za huduma kwa jamii, pengine katikati ya mkutano wa walimu na bila maelezo zaidi. Tangu Gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza masomo Januari 2023, madarasa haya yamekuwa ndani ya ua la shule za msingi. Wengi huliona hilo kuwa tatizo, kwa sababu ya uhaba wa madarasa na maabara. Kwa kazi hii ni mtaji. Mtoto wa miaka 13 ana mamia ya wadogo zake hatua chache kutoka dawati lake, na shida za kweli anazoweza kuzishughulikia bila kupanda matatu.

Mtaala wa umilisi unataka huduma kwa jamii iwe sehemu ya kujifunza. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: Ijumaa moja ya muhula wa pili watoto hupewa magunia, huokota taka sokoni kwa saa mbili, hupigwa picha, na Jumatatu soko liko vilevile. Afadhali watoto 8 wanaofanya kazi ya dakika 20 kila siku kwa wiki 10 kuliko watoto 200 wanaofanya saa mbili mara moja kwa mwaka. Siku moja haimpi mtoto nafasi ya kukosea na kurekebisha, na uongozi hujifunzwa katika kurekebisha. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa msingi huo.

Tenga huduma na adhabu

Katika shule nyingi aliyechelewa huokota taka, aliyepiga kelele huosha choo, aliyekosa kazi ya ziada hung'oa magugu. Kisha mwalimu yuleyule husimama kwenye paredi akaomba watu wa kujitolea kuokota taka. Hawajitokezi, na kosa si lao: kwa miaka saba wameona kwamba anayeinama kuokota karatasi ni mkosaji.

Kwa hiyo, kabla ya kuunda kikosi chochote, kaa na walimu wenzako, hasa wale wa zamu, mkubaliane kazi ambazo hazitatumiwa tena kama adhabu. Ziandikeni na mzibandike katika chumba cha walimu. Kazi yoyote ya huduma itakayochaguliwa baadaye lazima iingie katika orodha hiyo. Mwalimu mmoja tu akiendelea kupeleka wakosaji kwenye bustani ya kikosi, wenye bustani wataanza kukosa kuja, na hawatakwambia kwa nini.

Jambo la pili ni lile daftari la waliopiga kelele. Kiranja ambaye kazi yake ni kuandika majina ya wenzake hujifunza mambo mawili tu: kuogopwa na kupendelea. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inapiga marufuku adhabu ya viboko na mateso ya kisaikolojia shuleni. Mwalimu asiyeruhusiwa kupiga hawezi kumkabidhi mtoto fimbo ampigie. Andika wazi katika majukumu ya viranja kwamba kiranja haadhibu, hapigishi mtu magoti, hatozi faini. Anakumbusha mara moja, akipuuzwa anamwambia mwalimu wa zamu, basi.

Vikosi kwanza, vyeo baadaye

Darasa la watoto 45 ligawanye katika vikosi 6, vitatu vya watu 7 na vitatu vya watu 8. Kila kikosi kiwe na kiongozi mmoja na msaidizi mmoja, wabadilishwe kila nusu muhula. Hesabu yake ni hii: viongozi na wasaidizi ni 12 kwa awamu, na mihula miwili ya kwanza ina awamu 4, kwa hiyo nafasi ni 48. Kufikia Agosti kila mtoto darasani atakuwa ameongoza au kusaidia kuongoza, hata yule anayekaa nyuma dirishani ambaye hujawahi kusikia sauti yake.

Usiwaache wachague marafiki wenyewe. Changanya wavulana na wasichana, wanaokaa karibu na shule na wanaotoka mbali. Wa mbali wasipewe kazi ya asubuhi mapema. Watachelewa, wataonekana wavivu, na tatizo ni barabara.

Kila kiongozi mpe kadi moja ya karatasi ngumu yenye mistari minne. Kwa kikosi cha maji, kwa mfano:

Kazi: kujaza mitungi ya kunawia ya Gredi ya 1 hadi ya 3 mara tatu kwa siku.
Saa: kabla ya paredi, kabla ya mapumziko marefu, kabla ya chakula cha mchana.
Uamuzi wako: nani ana zamu gani, na nani atashika nafasi ya asiyekuja.
Mwambie mwalimu: sabuni ikibaki kipande kimoja, mtungi ukipasuka, mtu akiumia, mtu akigombana.

Mstari wa tatu ndio unaosahauliwa sana, na bila huo hakuna uongozi, kuna utumwa mdogo tu. Mtoto asiyeruhusiwa kuamua lolote ni mjumbe. Ukishampa uamuzi, usimpokonye. Akipanga zamu vibaya na mitungi ikabaki mitupu Jumatano, usiijaze wewe. Muulize saa hiyohiyo nini kimetokea na kesho atafanyaje.

Kuna kosa la upande wa pili: kiongozi anayefanya kila kitu peke yake. Dalili yake ni moja, mikono yake imelowa na wenzake wamesimama. Mara nyingi ni mtoto mwenye bidii, na walimu humsifu. Mkataze kugusa jerikeni kwa wiki nzima. Kazi yake wiki hiyo iwe kuangalia zamu, kumtafuta asiyefika na kuandika daftari. Ataumia, kisha atajua kugawa kazi.

Uchaguzi wa viranja

Vikosi vikishazoea, fanyeni uchaguzi wa baraza la wanafunzi. Usiuweke wiki ya kwanza ya mwaka: Gredi ya 7 hawajuani vizuri na watamchagua mrefu au mwenye viatu vipya. Wiki ya 6 ya muhula wa kwanza inafaa. Gredi ya 9 nao hufanya tathmini yao ya kitaifa, KJSEA, muhula wa tatu, kwa hiyo vyeo vyao vikabidhiwe kwa Gredi ya 8 mwishoni mwa muhula wa pili, si Oktoba watakapokuwa wameelemewa.

Tangaza masharti ya kugombea wiki mbili kabla, kwenye ubao wa matangazo, na yawe ya kupimika: awe amemaliza awamu yake ya kikosi, apate saini za wenzake 10, aeleze kwa dakika mbili mambo matatu atakayofanya bila pesa ya shule. Sharti la mwisho huokoa muda mwingi. Bila hilo utasikia ahadi za basi, bwawa la kuogelea na chapati kila Ijumaa. Kataza pia biskuti na peremende wakati wa kampeni. Watoto wanajua kwa nini, wameyaona kwa watu wazima.

Kwa wapiga kura 135 andaa kura 150, ili ziwepo za kubadilisha zilizoharibika. Karatasi moja ya A4 hukatwa vipande 8, kwa hiyo karatasi 19 zinatosha kwa cheo kimoja. Sanduku ni katoni iliyofungwa kwa gundi na kutobolewa juu. Kila mgombea awe na wakala mmoja. Kura zihesabiwe mbele ya watu, moja baada ya nyingine, ikiinuliwa juu ionekane, na matokeo yaandikwe kwenye fomu itakayotiwa saini na mawakala wote kisha ibandikwe siku hiyohiyo.

Walimu wengi huharibu hapa: matokeo hayawapendezi, wanabadilisha jina usiku. Watoto hujua kufikia saa mbili asubuhi. Kama kuna mtoto asiyefaa kabisa kugombea, azuiwe kwa masharti yaliyotangazwa mapema. Baada ya kura, aliyeshinda ameshinda. Kuhusu jinsia, kanuni ya theluthi mbili iliyo katika Katiba ya 2010 ni kipimo kizuri: katika baraza la watu 12, jinsia yoyote isipungue 4.

Baraza lisibaki pambo. Sheria hiyohiyo ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika Bodi ya Usimamizi ya shule. Muombe mwalimu mkuu amwalike kiranja mkuu kwenye kikao chenye ajenda ya maji au usafi, akiwa na takwimu za vikosi mkononi.

Kikao cha dakika 20

Fundisha jinsi ya kuendesha kikao, maana watoto wameona mikutano mirefu tu. Ajenda zisizidi tatu. Mwenyekiti husema mwisho, la sivyo wote watakubaliana naye. Katibu huandika safu nne katika daftari: jambo, uamuzi, mhusika, tarehe. Jambo lisilo na mhusika halijaamuliwa, hata kama wote walipiga makofi. Kikao kijacho kianze na kusoma safu ya mhusika, mmoja mmoja. Mwalimu mlezi akae nyuma, afunge mdomo. Vikao viwili vya kwanza vitakuwa vya ovyo. Cha nne kitakushangaza.

Kuchagua kazi ya huduma

Usiichague wewe. Watume watoto watatu watatu wazunguke ua la shule na, wakiwa na mtu mzima, mtaa wa karibu kwa saa moja, na maswali matatu: nini kinawasumbua watu hapa, nani tayari anajaribu kukitatua, sisi tunaweza kufanya sehemu gani? Wamuulize mpishi wa shule, bawabu, mwalimu wa Gredi ya 1, mzee wa mtaa, muuguzi wa zahanati, wahudumu wa afya ya jamii. Usiruke swali la pili. Watoto wakianzisha kitu kandokando ya mtu anayekifanya miaka kumi, wataonekana wavamizi, na watastahili.

Rudini na orodha, kisha chujeni. Kazi ibaki kama iko ndani ya mwendo wa dakika 15 kwa miguu, ina mtu wa nje ya darasa anayenufaika na anayeitaka, inaweza kurudiwa kila wiki kwa wiki 8 hadi 10, haihitaji zaidi ya shilingi 3,000 kwa muhula, na matokeo yake yanahesabika. Muhula wa tatu ni mfupi mno, kwa hiyo tumia wa kwanza na wa pili. Ukianza kazi mpya Septemba utaiacha njiani.

Zifuatazo ni kazi tatu zinazofaa. Ya kwanza imeelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo bora ya kuanzia.

Kibuyu chirizi kwa Gredi ya 1 hadi ya 3

Kibuyu chirizi ni jerikeni inayoning'inia na kuinamishwa kwa kukanyaga kijiti, ili anayenawa asiguse kitu. Kimoja kinahitaji jerikeni ya lita 5 yenye mfuniko, nguzo mbili zenye panda juu za sentimita 150, fito moja ya kulaza ya mita moja, fito ya kukanyagia ya sentimita 90, kamba ya mita 3, kipande cha sabuni, na kokoto.

Chimba mashimo mawili ya sentimita 50, umbali wa sentimita 70, usimamishe nguzo na kushindilia udongo. Juu ya ardhi itabaki mita moja, kimo kinachomfaa mtoto wa miaka 6 hadi 8. Vipimo vingi vinavyosambazwa ni vya watu wazima, na mtoto mdogo akivifuata maji humwagikia kwenye mikono ya shati. Toboa tundu la maji ubavuni mwa jerikeni, upande usio na mshikio, sentimita 12 chini ya mfuniko, kwa msumari uliopashwa moto. Hili litoboe wewe, si mtoto. Toboa tundu jingine katikati ya mfuniko, pitisha kamba, uifunge kwa ndani kwenye kijiti kifupi ili isichomoke. Pitisha fito ya kulaza ndani ya mshikio na uiweke kwenye panda. Kamba ya mfuniko ifungwe kwenye ncha ya fito ya kukanyagia, ncha hiyo ikiwa juu ya ardhi kama sentimita 15 na nyingine ikigusa chini. Chini ya tundu chimba kijishimo cha sentimita 50 kwa 50, kina sentimita 12, ujaze kokoto. Bila kokoto patakuwa na tope siku ya pili, na watoto wataacha kwenda.

Maji yasipite tundu. Ukijaza hadi shingoni yatatiririka yenyewe hadi yafike usawa wa tundu, na utadhani jerikeni imepasuka. Ndiyo maana lita 5 haziingii zote, na kujaza mara moja asubuhi hakutoshi. Watoto 150 wahitaji vibuyu vitatu angalau, karibu na mlango wa choo, si kando ya jikoni.

Sabuni ndiyo huua mradi. Huyeyuka mvuani, hutafunwa na panya, na huku Pwani huibwa na kunguru mchana kweupe. Itoboe na kuitundika chini ya kopo lililokatwa kama paa, au tumia sabuni ya maji: vijiko vinne vidogo vya sabuni ya unga katika chupa ya lita 1.5, mfuniko ukiwa na tundu dogo. Jioni vitu vyote vinavyotoka vifungiwe ndani, jerikeni zikiwemo.

Sasa sehemu ya uongozi. Kabla ya kujenga, watoto wawili wakae mbali wakati wa mapumziko marefu kwa dakika 20, waweke alama mbili: waliotoka chooni, walionawa. Wafanye hivyo siku tatu. Baada ya kujenga warudie mara moja kila wiki, siku tofauti. Wiki mbili za kwanza namba hupanda kwa sababu ya upya wa jambo. Huwa inashuka karibu na wiki ya nne. Usikimbilie kutoa hotuba kwenye paredi. Kikosi chenyewe kitafute sababu: maji yaliisha kabla ya mapumziko? Foleni ni ndefu? Watoto wa Gredi ya 1 hawana nguvu ya kukanyaga? Kila sababu ina dawa yake, na kuitafuta ndiyo somo lenyewe.

Kusoma na wadogo

Gredi ya 8 na Gredi ya 2, wawiliwawili, dakika 20, mara mbili kwa wiki, mtoto na mwenzake yuleyule muhula mzima. Vitabu vya Tusome, ule mpango wa kusoma wa madarasa ya chini, vilivyobaki kabatini vinafaa, pamoja na vya hadithi fupi. Wafundishe wakubwa kanuni tatu tu. Kitabu hushikwa na mdogo. Akikwama, hesabu kimya hadi tano kabla ya kumsaidia. Akikosea, soma sentensi yote vizuri kisha arudie, usicheke.

Wape nafasi ya kujaribu wao kwa wao kwanza, mmoja akijifanya mtoto wa Gredi ya 2 asiyetaka kusoma. Watacheka sana, lakini watajua la kufanya. Wasomee mahali pa wazi, chini ya mwembe au barazani, mwalimu akiwaona wote. Jozi isijifungie darasani hata siku moja. Mkubwa asiyefika mara mbili bila taarifa abadilishwe, maana mdogo wake amekaa akimngoja na kitabu mapajani.

Kipimo: mwalimu wa Gredi ya 2 asikilize kila mtoto akisoma kwa dakika moja wiki ya kwanza na ya mwisho, ahesabu maneno sahihi.

Miti

Serikali ilitangaza 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, katika lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Darasa lako lishughulike na miche 16 itakayokuwa hai mwaka ujao.

Pwani mvua za masika ni Aprili hadi Juni, na shule hufungwa Aprili. Ukipanda wiki ya mwisho ya muhula wa kwanza unaiachia mbuzi. Chimbeni mashimo Machi, sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Pandeni muhula wa pili ukifunguliwa. Changanya udongo wa juu na samadi, sehemu mbili kwa moja, ondoa kiriba (mfuko wa mche) chote, na shingo ya mche iwe sawa na ardhi, isizikwe. Zungushia miiba siku hiyohiyo, si kesho. Watoto wawili kwa kila miche minne, na orodha ya zamu za likizo iwe na majina ya wanaokaa karibu na shule, ikiwa na saini ya mzazi.

Mikoko ni habari nyingine. Usiwapeleke watoto ufukweni bila Huduma ya Misitu, KFS, na kikundi cha wenyeji wanaotunza msitu huo. Kule Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaoendesha mradi wa kutunza mikoko uitwao Mikoko Pamoja wana ujuzi ambao mwalimu hana. Upandaji mwingi hufa kwa sababu mbegu za mkoko zilichomekwa kwenye tope wazi linalokabili bahari, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko. Mwenyeji atawaonyesha ukanda wa kila aina. Nendeni maji yanapokupwa, mkiwa na ratiba ya maji mkononi, viatu vilivyofungwa, na mtu mzima anayejua njia ya kurudi kabla ya maji kujaa. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hurudi kwa kasi. Chomeka kila mbegu theluthi moja ya urefu wake, mita moja baina ya mbegu na mbegu.

Ruhusa, usalama, pesa

Barua kwa mzazi iende wiki moja kabla, ikitaja mahali, saa ya kuondoka na kurudi, kazi yenyewe na mtu mzima anayehusika. Nje ya shule awepo mtu mzima mmoja kwa watoto 15, na wawili hata kama watoto ni 10, ili mmoja akiondoka na mgonjwa mwingine abaki. Majina yaitwe wakati wa kutoka na wa kurudi. Watoto wasiguse vioo, sindano, nepi wala maji ya mitaro. Hilo ndilo linafanya usafishaji wa soko kuwa kazi mbaya ya kuanzia, licha ya kupendwa. Kumtembelea mzee nyumbani: watoto watatu na mtu mzima, mlango wazi, na awe ameulizwa kama anataka wageni.

Picha ya mtoto ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Anayepewa msaada asipigwe picha akiupokea. Kama mnahitaji ushahidi, pigeni picha kibuyu.

Mtoto asishike pesa peke yake. Watoto wawili na mwalimu mmoja waweke saini kwa kila shilingi inayotoka, risiti igundishwe kwenye daftari, na hesabu isomwe darasani kila mwisho wa mwezi. Usichangishe wazazi, ukichangisha, watoto wasiokuwa nacho watakosa kuja, na hao pengine ndio viongozi wako.

Kutafakari na kutathmini

Dakika 15, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, wakiwa wameketi duara. Nini kilitokea ambacho hatukutarajia? Nani aliathirika na tunajuaje? Wiki ijayo tubadilishe nini? Usiwape insha ya "umuhimu wa huduma kwa jamii", watakuandikia unachotaka kusikia. Wanaoona haya kusema wachore au wamwambie jirani, jirani aseme kwa niaba yao.

Viwango vya mtaala, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali nayo, vitumie kwa mambo yaliyoonekana. "Ana tabia nzuri" hakuna anayeweza kuipima. "Alipopata zamu mbili zisizo na watu alitafuta wa kushika nafasi kabla ya mwalimu kujua" hiyo ni kuzidisha matarajio. Weka daftari dogo mfukoni uandike mistari kama hiyo inapotokea, watoto watatu kwa siku. Mwisho wa muhula hutakuwa unakisia.

Tahadhari mbili. Kuhesabu saa za huduma huzaa saa za uongo. Hesabu kazi iliyokamilika. Na tuzo za jukwaani zitolewe kwa kikosi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kiranja aliyevishwa medali mwezi wa pili huonekana kazini kwa nadra mwezi wa tatu. Wenye hamu ya zaidi, wakifika miaka 14, waelekezwe kwenye Tuzo ya Rais, mpango wa tuzo kwa vijana ulioanzishwa Kenya 1966. Ngazi ya shaba inataka huduma ya wastani wa saa moja kwa wiki kwa miezi mitatu au zaidi, na kazi ya kikosi mara nyingi hufaa kama ilivyo.

Makabidhiano

Wiki mbili kabla ya awamu kuisha, kiongozi anayeondoka afanye kazi pamoja na anayeingia. Wiki ya kwanza mpya anatazama, wiki ya pili wa zamani anatazama. Vinavyokabidhiwa viwe vitu vya kushikwa: kadi ya kazi, daftari la vikao, daftari la pesa, jedwali la hesabu za kila wiki, ufunguo wa kabati la jerikeni, na ukurasa mmoja wenye kichwa "Mambo yaliyotushinda". Wote wawili watie saini na tarehe. Ukurasa huo wa mwisho usikubali uwe mtupu. Mwambie arudi akaandike kuhusu kunguru.